Kijiji cha Hog Hammock katika Kisiwa cha Sapelo

Katika pwani ya jimbo la Georgia, upande wa kusini-mashariki wa Marekani, kuna safu ya visiwa vya mchanga vilivyotengwa na bara kwa vinamasi vipana vya maji ya chumvi. Kimoja katika hivyo ni Sapelo, kisiwa chenye urefu wa maili kumi hivi na eneo la eka zipatazo 16,500, nacho kimo katika wilaya ya McIntosh. Hakuna daraja la kukifikia. Mwenye safari hupanda kivuko katika gati la Meridian, akapita kati ya mikondo ya maji na majani marefu ya kinamasi, na baada ya muda upatao nusu saa hushuka katika gati la Marsh Landing. Upande wa kusini wa kisiwa hicho kuna kijiji kimoja tu kilichobaki, nacho ndicho Hog Hammock: nyumba chache za mbao zilizotawanyika chini ya miti mikubwa, makanisa mawili, njia za mchanga, na wakazi wa kudumu wanaohesabika kwa makumi machache. Karibu wote wenye asili ya mahali hapo ni wazao wa watumwa walioletwa kutoka Afrika.

Kwa wingi wa watu kijiji hiki hakifiki hata mtaa mmoja wa mji mdogo wa pwani ya Afrika Mashariki. Hata hivyo wataalamu wa lugha, wa dini na wa historia wamekitembelea mara nyingi, na sababu yake yaweza kuelezwa kwa ufupi. Watu wa Sapelo ni sehemu ya jamii iitwayo Geechee katika Georgia na Gullah katika jimbo la South Carolina, ambayo kwa ajili ya kutengwa na bahari imehifadhi mambo mengi ya Afrika kuliko jamii nyingine yoyote ya weusi wa Marekani. Juu ya asili ya jina lenyewe la Geechee wataalamu hawajapatana. Wengine hulitoa katika mto Ogeechee ulio jirani, na wengine katika jina la kabila moja la Afrika Magharibi.

Jina la kisiwa ni kumbukumbu ya Wahispania, ambao katika karne ya kumi na saba walikuwa na misheni yao hapo iitwayo San José de Zápala. Baada yao walikuja Waingereza, kisha Wafaransa wachache waliokimbia misukosuko ya kwao. Lakini historia ya kijiji huanza hasa mwaka 1802, wakati Thomas Spalding aliponunua ardhi ya upande wa kusini. Spalding (1774–1851) alikuwa mtu wa siasa na mkulima mwenye kupenda majaribio; alilima pamba ya nyuzi ndefu na miwa, akajenga kiwanda cha sukari, na watumwa wake walizidi mia tatu. Majengo yake aliyajenga kwa mchanganyiko wa chokaa iliyochomwa kutoka katika makombe ya chaza, mchanga, maji, na makombe mengine mazima. Mtu aliyezoea kuta za chokaa na matumbawe za Lamu au Kilwa hatashangaa akiona magofu hayo, ingawa ufundi huo ulifika Georgia kwa njia nyingine kabisa.

Nokoa mkuu wa shamba la Spalding alikuwa mtu aitwaye Bilali Muhammad. Alizaliwa Timbo katika nchi ya Futa Jallon, ambayo sasa ni sehemu ya Guinea, akatekwa angali kijana, akauzwa katika visiwa vya Bahama, na kutoka huko akaletwa Sapelo mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa pamoja na mkewe Phoebe na binti zake. Alikuwa Mwislamu aliyesoma. Alivaa kofia, alifunga Ramadhani, na aliswali juu ya mkeka. Wakati wa vita vya Marekani na Uingereza vilivyoanza mwaka 1812, Spalding alimkabidhi bunduki themanini awaongoze watumwa kukilinda kisiwa. Nalo ni jambo la ajabu katika nchi ambayo mtumwa kushika silaha lilikuwa kosa kubwa. Yasimuliwa kwamba Bilali alimjibu bwana wake kuwa angeweza kuwadhamini watu wa dini yake, lakini si wale wengine. Tena katika tufani kuu ya mwaka 1824 inasemekana ni yeye aliyewakusanya watu katika majengo imara ya shamba wakaokoka.

Masimulizi ya namna hii humfanya Bilali kuwa shujaa mtupu, na wazao wake wana haki ya kumwonea fahari. Lakini haifai kusahau kwamba kazi ya nokoa ilikuwa kuwasukuma watumwa wenzake kazini, na kwamba maneno yake juu ya “wale wengine” yaonyesha umbali uliokuwapo kati ya mtu wa Timbo mwenye elimu na majirani zake waliotoka Angola au Sierra Leone. Umoja wa watu wa Sapelo haukuja nao katika majahazi. Ulifanyika baadaye, mahali hapo hapo, kwa taabu.

Kabla hajafariki, katika miaka ya 1850, Bilali alimpa mwandishi mmoja aliyekuwa kasisi, Francis Goulding, kitabu kidogo cha ngozi chenye kurasa kumi na tatu za maandiko ya Kiarabu alizoziandika kwa mkono wake. Kwa muda mrefu hapakuwa na mtu huko Georgia aliyeweza kukisoma, na ikadhaniwa kuwa ni shajara ya maisha yake au hesabu za shamba. Hatimaye mwanaisimu Joseph Greenberg, yule ambaye baadaye alizigawa lugha za Afrika katika makundi yanayojulikana na kila mwanafunzi wa Kiswahili, alichukua nakala yake mpaka Kano, Nigeria, akaionyesha kwa wanazuoni wa huko. Matokeo aliyachapisha mwaka 1940. Kitabu hakikuwa shajara hata kidogo. Kilikuwa na vifungu vya Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu cha sheria ya madhehebu ya Maliki kinachosomwa kotekote Afrika Magharibi: habari za udhu, adhana, na nyakati za swala. Maandiko yana makosa mengi, maneno mengine yamekatika, na mara kwa mara herufi zafuata matamshi ya mwandishi badala ya kanuni.

Watu waliotarajia kusoma siri za maisha ya mtumwa walivunjika moyo. Lakini mtu aliyelelewa katika chuo cha pwani ataviona vifungu hivyo kwa jicho jingine. Ni masomo ya kijana wa chuoni, aliyoyahifadhi kwa moyo mbele ya mwalimu wake kabla ya kutekwa, na ambayo mzee aliyazua tena kichwani baada ya miaka mingi, bila kitabu cha kunakili wala mwenzake wa kumsahihisha. Kila kosa lake ni kipimo cha muda uliopita. Kitabu hicho sasa kimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Georgia.

Uislamu wenyewe haukudumu Sapelo zaidi ya vizazi viwili au vitatu. Baada ya kupata uhuru watu walijiunga na kanisa la Kibaptisti, na kanisa lao la kwanza lilianzishwa mwaka 1866. Hata hivyo wazee waliohojiwa katika miaka ya 1930, na ambao habari zao zilichapishwa mwaka 1940 katika kitabu Drums and Shadows, walikumbuka mabibi zao, binti za Bilali, wakisali kwa tasbihi jua likichomoza na jua likichwa. Walikumbuka pia mkate wa mchele uliofanywa siku maalumu kila mwaka. Mchele uliloweshwa usiku kucha, ukatwangwa katika kinu mpaka ukawa kama donge, ukatiwa asali, ukafinyangwa, na watoto wakagawiwa baada ya kuitikia “amin”. Mkate huo uliitwa saraka.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa neno hilo ni neno gani. Ni sadaka yetu ya kila siku, ila limepita katika vinywa vya Afrika Magharibi, ambako katika lugha kadhaa sauti ya d imegeuka kuwa r. Wale wazee walidhani kuwa saraka ni jina la mkate; maana ya kutoa kwa ajili ya Mungu ilikuwa imekwisha kupotea, na kitendo chenyewe, yaani kuwagawia watoto, kimebaki. Mambo ya dini mara nyingi hufa kwa mpango huo: neno hutangulia kupoteza maana yake, na mkono huendelea kufanya kazi yake ya zamani.

Lugha ya Geechee ilidharauliwa muda mrefu. Wataalamu wazungu walifundisha kwamba haikuwa ila Kiingereza cha wakulima kilichoharibiwa na watu wasioweza kujifunza vema, na wazee wa visiwani wenyewe wakaingiwa na aibu hata wakawakataza watoto kuisema mbele ya wageni. Aliyeligeuza wazo hilo ni Lorenzo Dow Turner (1890–1972), mtaalamu Mmarekani mweusi, ambaye katika miaka ya 1930 alizunguka pwani za Georgia na South Carolina na mashine ya kurekodi sauti, kisha akaenda London kusoma lugha za Kiafrika ili aweze kuyafahamu aliyoyasikia. Kitabu chake Africanisms in the Gullah Dialect kilitoka mwaka 1949. Ndani yake mna maneno yapatayo 4,000 aliyoyahusisha na lugha za Afrika, na sehemu kubwa ya hayo ni majina ya watu. Kila mtoto alikuwa na jina la shule na la serikali, na pamoja nalo jina la nyumbani, ambalo wenyewe huliita jina la kikapu. Na katika majina hayo ya nyumbani ndimo Afrika ilimokuwa imejificha. Wakosoaji walisema baadaye kwamba Turner alikuwa mkarimu mno katika kulinganisha maneno, na katika baadhi ya majina lawama hiyo ni ya haki. Lakini msingi wa kazi yake haukutikisika.

Baadhi ya maneno yalitoka katika lugha za Kibantu za Kongo na Angola, ndugu za Kiswahili. Karanga huitwa guba, kutoka katika nguba ya Kikongo na Kimbundu. Bamia na mchuzi wake ni gumbo, neno linalotoka katika kingombo, na humo kiambishi ki- kimeanguka njiani. Ufuta huitwa benne, neno la watu wa Senegambia. Alfajiri ni dayclean, yaani siku imetakata. Maneno ni ya Kiingereza lakini fikira yake ni ya Kiafrika, na anayesema “kumekuwa kweupe” atalifahamu mara moja.

Sarufi yake ni ya maana zaidi kuliko msamiati. Kiwakilishi e hutumika kwa mwanamume, kwa mwanamke na kwa kitu, bila ya kubagua, wakati Kiingereza hakimruhusu mtu kumtaja mwenzake pasipo kwanza kutangaza kama ni mume au mke. Kitenzi hakibadiliki umbo. Wakati huonyeshwa kwa neno dogo linalotangulia, bin kwa jambo lililopita na duh kwa jambo linaloendelea. Ni rahisi kuyaona haya na kukimbilia kusema kwamba ni li na na za Kiswahili. Kusema hivyo ni kosa. Mababu wa watu hawa walitoka pwani ya magharibi na si ya mashariki, na lugha nyingi zilizozaliwa katika mashamba ya watumwa, hata zile zenye maneno ya Kifaransa, zina mpango kama huo. Linaloweza kusemwa kwa hakika ni kwamba lugha hii ina kanuni zake, na kwamba asemaye kinyume cha kanuni hizo huchekwa na wenyewe. Mwaka 2005 Agano Jipya lilichapishwa zima katika lugha hiyo, na wazee wengi walikuwa wanaiona kwa mara ya kwanza ikiwa katika kitabu, wala si katika mzaha.

Kazi za mikono nazo zina habari zao. Wanaume walisuka nyavu za kimia na kuvua mkizi. Wanawake na wanaume walishona nyungo na vikapu vya majani kwa kuzungusha ukufu juu ya ukufu, nyungo zile zile za kupepeta mpunga. Mpunga wenyewe ulitwangwa katika kinu cha gogo. Shambani walipanda kunde nyekundu ambazo mbegu zake zimerithiwa kizazi kwa kizazi, na ambazo katika miaka ya karibuni wanakijiji wamezifanya kuwa zao la biashara.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokaribia kwisha, Jemadari Sherman alitoa amri, Januari 1865, kwamba visiwa vya pwani wagawiwe watu waliopewa uhuru. Mwaka huo huo Rais Andrew Johnson akairudisha ardhi kwa mabwana wa zamani. Basi watu wa Sapelo hawakupewa kitu, walinunua. Mwaka 1871 wanaume watatu, William Hillery, John Grovner na Bilali Bell, walifanya shirika na kununua eka 666 mahali paitwapo Raccoon Bluff kwa dola 2,000, wakazigawa kwa jamaa zao. Jina la huyo wa tatu linajieleza lenyewe. Vijiji vingine vilikuwapo: Shell Hammock, Belle Marsh, Lumber Landing, na Hog Hammock, ambacho yasemekana kilipata jina lake kwa mtumwa mchunga nguruwe, Sampson Hogg, ambaye jamaa yake baadaye walijiita Hall. Mwanzoni mwa karne ya ishirini kulikuwa na mamia ya watu, wenye mashamba, mashua na makanisa yao.

Matajiri wakaja. Howard Coffin, mtengenezaji wa motokaa, alinunua sehemu kubwa ya kisiwa mwaka 1912, na mwaka 1934 akamwuzia R. J. Reynolds mdogo, mrithi wa mali ya tumbako. Reynolds alitaka nchi tupu kwa ajili ya uwindaji, naye ndiye aliyekuwa mwenye kazi karibu zote zilizopatikana kisiwani. Kuanzia miaka ya 1950 vijiji vingine vilivunjwa kimoja baada ya kimoja na watu wakahamishiwa Hog Hammock, kwa kubadilishana ardhi na kwa ahadi za nyumba na umeme. Aliyekataa alijua kwamba kazi yake na boti la kumvusha vyote viko mkononi mwa mtu mmoja. Cornelia Walker Bailey (1945–2017), mzao wa Bilali, alikuwa mtoto mdogo jamaa yake walipoondoka Belle Marsh mwaka 1950, na katika kitabu chake cha mwaka 2000 ameeleza jinsi babake alivyosita na jinsi alivyoshindwa. Reynolds alikufa mwaka 1964. Mjane wake aliiuzia serikali ya Georgia ardhi yake mwaka 1969 na mwaka 1976, na tangu hapo sehemu yote ya kisiwa, isipokuwa eka 430 hivi za kijiji na vipande vichache, ni mali ya serikali. Chuo Kikuu cha Georgia kina kituo cha utafiti wa bahari hapo tangu mwaka 1953. Elimu ya dunia juu ya vinamasi vya chumvi imepata faida kubwa kwacho. Shule ya kisiwani ilifungwa mwaka 1978, na watoto wakawa wanavuka maji kila siku kwenda kusoma bara.

Hatari iliyopo sasa ni ya karatasi na mihuri. Wazee wengi walikufa bila wasia, na kwa sheria ya nchi ardhi ya marehemu huwa ya warithi wote kwa pamoja pasipo kugawanywa. Baada ya vizazi vitatu shamba moja laweza kuwa na wenyewe hamsini, baadhi yao wakiwa New York au Florida, wasioijua hata njia ya kwenda huko. Mmoja wao akiuza fungu lake, mnunuzi aliweza kwenda mahakamani na kudai ardhi yote iuzwe mnadani. Georgia ilipitisha sheria mwaka 2012 ya kuupunguza mwanya huo, kwa kuwapa warithi nafasi ya kwanza ya kununua fungu. Lakini ardhi nyingi ilikuwa imekwisha kuondoka. Mwaka huo huo wa 2012 kodi za ardhi zilipandishwa ghafula, nyingine mara tano na zaidi, kwa hoja kwamba nyumba za mapumziko za wageni zimeipandisha thamani. Wanakijiji waliuliza kodi hiyo ni ya huduma gani, maana hawana shule wala zahanati, na barabara zao ni mchanga. Walishtaki mwaka 2015, wakapatana na serikali ya jimbo mwaka 2020 na na wilaya mwaka 2022.

Tarehe 12 Septemba 2023 baraza la wilaya, kwa kura tatu dhidi ya mbili, liliongeza ukubwa wa nyumba unaoruhusiwa Hog Hammock kutoka futi 1,400 za mraba mpaka 3,000. Kwa mgeni hili laonekana jambo dogo la mafundi ujenzi. Kwa wenyeji kipimo kile cha zamani kilikuwa ndicho ngome yao, kwa kuwa tajiri hataki nyumba ndogo, na asipojenga kubwa bei ya ardhi haipandi, na kodi haipandi. Walikusanya saini zaidi ya 1,800 ili wapigakura wa wilaya waamue wenyewe. Jaji aliusimamisha uchaguzi huo Septemba 2024, wakati watu wengine wamekwisha anza kupiga kura. Rufani ikaenda Mahakama Kuu ya jimbo, nayo Septemba 2025 ikahukumu kwamba haki ya kupiga kura juu ya jambo hilo ni ya wananchi.

Kati ya hukumu hizo mbili kulitokea msiba. Tarehe 19 Oktoba 2024 mamia ya watu walikuja kisiwani kwa sikukuu ya utamaduni ya kila mwaka. Jioni, waliporudi kusubiri kivuko, ulalo wa chuma wa gati la Marsh Landing ulivunjika, watu wakaanguka katika mkondo wa maji, na saba wakafa.

Makaburi ya Sapelo yako mahali paitwapo Behavior, nje ya mipaka ya kijiji, katikati ya ardhi ya serikali. Yamelazwa kuelekea mashariki. Wengine husema hiyo ni alama ya Bilali, lakini Wakristo wa Uingereza nao huzika hivyo, na hakuna njia ya kuwatenganisha. Juu ya makaburi ya zamani huwekwa sahani, vikombe, taa, au saa, vitu alivyotumia marehemu mwisho. Watu waliohamia Brunswick na Savannah miaka mingi iliyopita bado hutaka kuzikwa hapo, na jeneza huvushwa kwa boti kutoka Meridian kama abiria mwingine yeyote.